Spika Nne za Mahafali

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo uliouumiza kwa kupakia saruji uwe umepata nafuu. Sisi huku tunapumua. Mama anakusalimu kwa siri kutoka jikoni, maana baba bado hataki utajwe mezani. Kiti chako sasa kinawekewa ndoo ya maji.

Tangu nimalize shule, baba amenichukua karakanani. Alisema redio yenye betri kuukuu kama mimi huenda ikafaa mahali pasipohitaji maneno. Nafagia, nakaza skrubu, nachomea waya. Amplifaya yake kubwa, ile aliyoiunda kabla sijazaliwa, iko rafuni chini ya shuka. Transfoma iliungua kabisa, na aliyekuwa akizisuka za namna ile alishafariki. Ukiinua shuka, harufu ya moshi wa siku ile ya mahafali bado ipo. Kazi za sherehe zimekwisha. Tunatengeneza pasi za watu, na baba anaweza kukaa saa nzima ameshika bisibisi bila kufungua kitu.

Siku ya Jumanne baba alinipa somo. Alipanga spika nne mezani, akanikabidhi mita ya kupimia umeme. Nilipima moja, ikasoma pungufu kidogo ya omu nane, akasema tuihesabu nane. Alinieleza kwamba huo ndio ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme wa amplifaya usimwagike wote kwa mpigo. Aliunganisha mbili kando kwa kando, zikawa nne. Akaunganisha zote hivyo hivyo, zikawa mbili. Alisema amplifaya yake haikuundwa kwenda chini ya nne. Ukiipa mbili itanguruma kwa dakika chache, kisha itajichoma yenyewe. Halafu akasema wewe ulilijua hilo tangu una miaka kumi, kwa hiyo halikuwa kosa, ilikuwa dharau.

Nilizima mita, nikaanza kukunja waya.

Kaka, ni mimi. Siku ya mahafali yetu uliziunganisha spika mbili mbili zikifuatana, ndipo ukazileta jozi hizo pamoja, jumla ikabaki omu nane, kama inavyotakiwa. Mimi nilichaguliwa kusoma shukrani za darasa. Wakati wa majaribio mwalimu mkuu alisema sauti yangu haifiki hata safu ya tatu, na wenzangu wakaniuliza kama nimemeza mbu. Ulipokwenda kunywa chai, nikakumbuka uliwahi kusema kwamba spika zikikaa kando kwa kando hutoa sauti kubwa zaidi. Nikapita nyuma ya jukwaa, nikabadilisha waya. Omu sikuzijua. Nilijua aibu tu.

Nilisoma, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikika hadi getini. Watu walipiga makofi. Halafu moshi.

Baba alipozinyanyua zile waya mbele ya watu na kukuuliza kama hizi ni kazi za mikono yako, uliduwaa. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako, karatasi mkononi. Sikusema. Nilidhani atagomba, kisha atapoa. Akakufukuza.

Mwezi uliopita ulimwandikia mama kwamba huenda kweli ulikosea, kwamba huiamini tena mikono yako, ndiyo maana umechagua magunia. Mama alinisomea huku akilia. Nikanyamaza tena. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wako nimekutwika mwenyewe, na bado nilipata usingizi.

Nimejaribu kumwambia baba mara tatu. Kila mara nimeishia kumuuliza habari za pasi za watu. Basi nimeiandika barua hii mara mbili, na nakala ya pili nimeiweka chini ya mita yake, kitu cha kwanza anachoshika kila asubuhi. Sitarajii kwamba akiisoma chochote kitarudi. Transfoma haitarudi, na sijui kama wewe utataka kurudi. Ila ujue mikono yako haikukosea.

Nisalimie wote unaokaa nao, na uutunze mgongo. Nafunga bahasha sasa. Namsikia baba anafungua kufuli la karakana.

Ni mimi mdogo wako, uliyezoea kumwita
Mnong'ono