Alisema Nimechoma Tanuri

La Digue, Jumatatu

Mdogo wangu Gonzague,

Huku tunaendelea. Mshelisheli wa nyuma ya nyumba umezaa hadi tunawagawia majirani.

Siku ile tanuri la kukaushia nazi lilipoungua, sajini alinikuta jikoni akaniuliza umeniambia nini. Nikamjibu kwa Krioli, upesi, kama tunavyosema sote: "Kasema nimechoma tanuri." Nilimaanisha kwamba ulinilaumu mimi, maana mimi ndiye niliyeuacha moto peke yake. Lakini yeye aliandika kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza lazima ijulikane huyo wa "nimechoma" ni mimi ninayesimulia au ni wewe uliyesema. Akainua kalamu: "Kwa hiyo Gonzague amekiri mwenyewe?"

Nilimwelewa vizuri. Nikamtazama mwanangu anyonyaye, nikaitikia kwa kichwa.

Nilijiambia utakanusha, wakuachie, yaishe. Lakini jana Mama alirudi kutoka kukuona huko mahabusu, kisiwani Mahé, akakaa kitako bila hata kuvua kofia. "Wamemsomea yale maneno," akasema, "naye kanyamaza tu. Perline, kwa nini mwanangu kanyamaza?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alimchukua mtoto mapajani mwangu, akasema, "Huyu niachie. Nenda."

Naondoka na boti ya asubuhi. Nitaiacha barua hii kwa askari wa mlangoni huko mahabusu, uisome kabla sijaingia kwa sajini kumwambia ukweli. Wakikuita uulizwe mbele yangu, nakuomba, mdogo wangu, usinyamaze tena.

Dada yako asiyestahili,
Perline