Sura ya Ile Dawa ya Mahindi

Jumatatu, 4 Agosti
Chai nimechuma kidogo tu, mgongo imekataa. Nimesugua vibuyu tatu na makaa, nimeweka maziwa. Jumamosi ni koito ya Chebet, mjukuu wangu. Wageni wanatoka Silibwet kuomba msichana, na wakikosa mursik, hayo maziwa ya kulala kwa kibuyu, watasema hii boma haina mama.

Chebet ndiye anaandika. Mimi shule sikuenda, nilichunga mbuzi, lakini mdomo niko nayo. Andika, na usisomee baba yako.

Sosiot yangu, ile fimbo ya kusugua kibuyu, ilikuwa nyeupe kwa ncha. Nimefikiri ni jivu.

Jumatano, 6 Agosti
Si jivu. Kiprono, mtoto wangu, baba ya Chebet, alichukua sosiot akakorogea mahindi dawa ya wadudu. Sosiot! Mwanaume na sosiot wapi na wapi? Ananiuliza ati, "Mama, si ni fimbo tu?" Fimbo ni kichwa yake. Nimekasirika mpaka nimekaa chini.

Hiyo dawa alipimiwa dukani kwa gazeti. Haina maelezo, jina tu imeandikwa na kalamu. Kiprono anasema ni kidogo, makaa imeimaliza. Nilitaka kuamini. Wageni ni Jumamosi.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo nimeona kitu.

Chebet anasomea kemia chuo kikuu. Alifungua kompyuta, akaandika lile jina, ikachora. Mistari na pembe, kama fensi imeangushwa na ng'ombe. Akaniambia mimi nyanya yake, "Kogo, hii ndiyo sura ya dawa, vile imejengwa ndani, mahali macho haifiki." Hiyo programu imeonyeshwa sura za sumu mingi sana. Ikipata sura mpya inasema inafanana na nani.

Nilivuta kiti karibu. Kwa sababu hiyo kazi naijua. Nimezalisha wamama hapa Boito tangu nikiwa na meno yote. Naangalia mtoto masikio, najua ni wa boma gani, hata mama yake akisema ingine. Kuna mmoja kule chini karibu na mto... hiyo wacha, usiandike. Lakini mimi naona masikio. Hii mashine haijaonja, haijanusa, haijaua hata panya, na inajua tabia. Nimeambia Chebet anionyeshe tena.

Ilisema hiyo dawa inapenda mafuta. Inashika mishipa ya fahamu. Na maziwa imejaa mafuta. Chebet akasema si hakika, ni kukisia, inaweza kukosea. Hata mimi nilikosea masikio. Mara moja.

Kisha akalia. Koito ni yake.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwaga yote kwa choo, mbwa isikunywe. Vibuyu nimevunja pia. Kibuyu inakunywa chenye umeiwekea. Moja nilipewa na mama mkwe wangu nikiwa bibi arusi. Hiyo nilivunja mwisho.

Jirani alitaka kunipatia mursik yake. Nimekataa. Siwezi kuita ya mtu yangu mbele ya wageni. Naogopa kesho.

Jumapili, 10 Agosti
Walikuja jana. Niliwapa chai. Niliona vile wanaangalia mlango, wanangoja vibuyu. Nikasimama, nikasema yote. Kiprono, sosiot, dawa, mashine. Mzee wao mmoja akasema, "Basi huyu msichana hatuwezi kumwekea kitu kwa chakula." Wachache wakacheka.

Nyanya ya kijana mwenye anaoa Chebet hakucheka. Aliweka kikombe chini, akauliza dawa inaitwaje. Chebet akamwambia. Akaomba simu, akaenda kusimama nje karibu na shamba ya chai. Nilimsikia. "Hakuna mtoto anakunywa maziwa mpaka nirudi. Hata kidogo. Ule mwiko tulikorogea mahindi, weka mbali."

Akarudi ndani. Hakukaa na wazee wake. Alikaa karibu na Chebet, akashika mkono wake, na hakuachilia mpaka wakaenda.

Leo nimelala baada ya kanisa. Mvua imenyesha.