Mzee Kizito ameamuru mtoto aamke

Hawo, weka hiyo chai chini usome. Natoka kwa Nelima hapa Chwele.

Si unajua mtoto wake halii, analala tu? Jana daktari wa Kitale alimwambia, "Koo halina shida, tezi yake ni nzima. Kichwa ndicho hakitoi homoni ya kuiamsha. Jeni yake ina kasoro." Akampa tembe za kila siku.

Nelima akamweleza babamkwe wake, Mzee Kizito. Mzee kusikia koo, akadhani ni koo za watu. Ati koo zetu hazina shida, ni kichwa hakijatoa amri. Na kichwa cha ukoo ni nani? Ni yeye.

Bana, wazee wameitwa. Kizito akasimama na koti mbele ya mtoto wa miezi miwili. "Mimi kichwa nakuamuru, amka. Tembe hazitahitajika."

Ati amka.

Nelima akachukua tembe na kijiko. Akapiga magoti. "Baba, amri tumeisikia. Acha niipeleke kwa kijiko."

Mzee akafikiri, akakubali. Tembe ikasagwa kwa maji, mtoto akameza wazee wakiangalia.

Sasa Kizito anasema mtoto akipona, daktari aje amshukuru. Nelima ananiambia ni sawa, hata yeye atamshukuru, bora asikie mtoto akilia.