Jina la Marehemu kwenye Kompyuta ya Baba

Tampere

Oloo ndugu yangu,

Salamu zinatangulia, hata kwa mtu aliyenichemsha damu. Mimi ni mzima, kazi ipo, ila baridi ya huku ughaibuni imenipasua midomo. Goti lako limepona? Baba anakula vizuri? Haya, sasa nikugombeze.

Nani alikutuma kuigusa ile kompyuta? Unajua tangu Baba apofuke programu niliyomwekea humo ndiyo inayomsomea gazeti na Biblia, tena kwa sauti yangu. Nilijirekodi jikoni nikiwa nimejifunika blanketi ili majirani wasisikike. Programu yenyewe niliiunda kwa mkono wangu kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi ya kuiagiza mashine, ili niwe na namna ya kukaa na Baba hapo nyumbani Pap Onditi. Wewe ukaona heri uisasishe mashine upate kucheza mpira wa kwenye skrini!

Sasisho lako lilifuta maktaba ya zamani ya sauti. Si maktaba ya vitabu, kama ulivyomwambia Baba hadi akaniuliza nani amechoma vitabu vyangu. Ni faili yenye kazi ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja. Ikaja mpya, yenye namba nyingine mwishoni mwa jina. Programu yangu ikaita ile ya zamani, isipate jibu, ikakataa kuamka. Ungenipigia simu! Badala yake ukaipa ile mpya jina la ile ya zamani, kisha ukaniambia bila haya, "Sista, si jina ni ileile tu? Ilikubali kidogo, halafu ikakufa."

Ilikufa kwa sababu ilitafuta humo ndani kazi fulani, ikaikosa. Jina halifanyi kazi, Oloo. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, sawa. Wewe una jina la babu yetu, fundi wa mitumbwi. Umewahi kushika randa? Na kwa kuibadilisha maktaba jina, hata programu ya muziki iliyoijua kwa jina lake halisi ikaipoteza. Kichwa maji wewe!

Jana niliingia kwenye mashine kwa mtandao nikiwa huku huku. Nikairudishia maktaba jina lake, nikaiagiza mashine initajie kila kitu ambacho programu inategemea na ni kipi hakionekani, kisha nikaiunda programu upya ishikane na maktaba mpya. Ikasoma vizuri kabisa. Nikampigia Baba kwa furaha, nikamwambia aiwashe.

"Nyara, binti yangu, wacha kwanza," akasema. "Siku hizi Oloo ananisomea mwenyewe. Anakosea majina ya watu, tunabishana, tunacheka mpaka chai inapoa. Ile yako haijui kukosea."

Nilikata simu nikalia kwa hasira, na mpaka sasa naandika nimekasirika. Umeharibu kila kitu, na bado wewe ndiye unayetakiwa. Mimi niliyetengeneza naambiwa ningoje.

Nisalimie shangazi yetu muuza mitumba wa soko la Kibuye, na jirani anayewaletea maziwa. Kompyuta usiiguse tena. Barua hii msomee Baba, hata pale nilipokugombeza. Pale nilipolia, ruka.

Ni mimi dada yako, bado nimenuna,

Akinyi