Notisi Niliyoiacha Bila Kusoma

Kharumwa, Jumanne

Nimemwita binti wa watu mla rushwa, na kosa lilikuwa langu.

Kabula ndiye aliyetengeneza mfumo unaosoma papo hapo yanayoandikwa kwenye mtandao mmoja wa kijamii kuhusu maduara, mashimo yetu ya dhahabu, yanayotitia, kisha unawatumia wachimbaji ujumbe wa tahadhari kwa namba yake ya simu. Mfumo uliponyamaza wiki mbili, sikuuliza. Niliandika kwenye ukurasa wangu kwamba wenye maduara wamemnunua. Wachimbaji wakaizuia namba yake.

Leo alikuja nyumbani. "Shikamoo, Baba Regina." Niliitikia marahaba bila kumkaribisha kiti.

"Mtandao umebadilisha njia ya kuchukua taarifa," alisema. "Ya zamani wameifunga. Walitoa notisi mapema."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ilikuja kwako, baba. Si ulitaka akaunti ya mfumo iwe kwa barua pepe yako, kwa vile wewe ndiye mwenye jina kubwa hapa?"

Tuliitafuta pamoja. Ilikuwepo, haijafunguliwa. Mimi ninayewacheka wenzangu kwa kutosoma.

Hakunitukana, afadhali angenitukana. Mfumo ameshautengeneza upya. Aliomba tu niandike ukweli palepale nilipomchafua, ili wamfungulie namba kabla mvua hazijalowesha maduara.

Niliandika aya nne, tatu za kuushambulia mtandao. Nikazifuta zote. Nilichotuma ni hiki: Kabula hakununuliwa, mimi sikusoma notisi, mfungulieni namba.

Mchimbaji wa kwanza kujibu ameuliza na mimi wamenipa ngapi.