Nyumba Yako ya Wapangaji Nimeiuza

Baba yangu,

Nyumba nimeiuza. Naanza na hilo kwa sababu nikizungukazunguka sitalisema.

Tangu tukuzike, vyumba vilibaki vitupu. Reli ilipokwisha kupita hapo kwako Dodoma na kuelekea Tabora, mafundi waliokuwa wakikulipa pango waliifuata kazi yao. Akabaki Mama Nyemo peke yake, yule mjane wa Kigogo wa chumba cha mwisho, aliyekuuguza mimi nikiwa Kondoa. Na huku Kondoa mvua haikunyesha, Baba. Mama alikuwa anapika majani matupu. Ningefanya nini?

Nilidhani kuuza ni kupokea. Dalali akaniambia hakuna atakayeitazama tembe ya udongo yenye paa lililobonyea, basi nikauza mbuzi watatu, nikanunua miti, nikalipa watu wapandishe udongo paani. Karani wa bomani akataka chake kwa kuandika hati. Akakosea jina lako, akaiandika upya, nikalipa tena. Kodi ya serikali ya miaka miwili, mnunuzi akasema haimhusu, nikailipa mimi. Dalali naye akakata fungu lake mbele ya macho yangu, rupia juu ya rupia, nami nimekaa kama mgeni katika mali ya baba yangu.

Hayo yote ningeyameza. Lakini mnunuzi alisema, "Naitaka tupu. Mtu akibaki ndani, sinunui."

Nakumbuka nilipokujia siku zako za mwisho, Mama Nyemo anakunywesha uji, wewe umenishika mkono. "Huyu asitolewe." Nikaitikia, "Ndiyo, Baba." Nilisema ndiyo, Baba...

Nilikwenda mlangoni kwake asubuhi. Nikamwamkia, nikakaa. Yeye akaendelea kusaga uwele. Mwishowe akauliza mwenyewe, "Mwanangu, ni lini?" Nikamwambia kesho. Nikamsihi twende wote Kondoa. Akacheka kidogo. "Huko kwenu mnakula nini, hata mniongeze na mimi?"

Kesho yake nilikuta chumba kimefagiwa. Jiwe la kusagia ameliacha. Lilikuwa zito mno kwake. Jirani anasema alishika njia ya Makutupora. Hana mtu huko. Sikumfuata. Mnunuzi alikuwa ananingoja bomani.

Kilichobaki kimenunua mtama. Mama anakula, na jana alikaa nje juani akaniuliza habari za vyumba vyako. Nilimwambia vipo. Mtama huu ukiisha, sina nyumba nyingine ya kuuza.

Pumzika, Baba. Sikuombi unisamehe, sijui hata kama inafaa kuomba. Nikipata wa kukaa na Mama, nitakwenda Makutupora kwa miguu, niulize nyumba kwa nyumba. Nikimkuta akiwa hai, nitamwambia kwamba wewe ulisema asitolewe. Ajue aliyemtoa ni mimi.

Mwanao,
Mwajuma