Ngazi ya Nyuma Ilikuwa Imefungwa

Mama Furaha,

Nimeianza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana. Kila nikianza najikuta nakuandikia kama mtu aliyefiwa tu, mtu asiye na kosa. Leo naanza na kosa lenyewe.

Ngazi ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Wewe hilo unalijua, hukuhitaji kuambiwa. Lakini watu wengine wote niliwaambia ilikuwa wazi. Nilikaa nao uongo huo miezi miwili, nikila, nikilala, nikiitikia salamu.

Unakumbuka ulivyokuja pale shuleni? Nyumba kuukuu ya ghorofa moja hapa Rosettenville, iliyogeuzwa shule, na mimi karani peke yangu ofisini chini. Ulikuwa umefundisha Bukavu miaka mingi, na hapa ulisubiri makaratasi mpaka ukakaribia kukata tamaa. Walipokupa darasa la watoto wadogo, wale wa gredi R ambao hawajafika darasa la kwanza, kule juu, ulikuja ofisini ukanishika mikono yote miwili. Mimi nikasema, "Hongera sana, dada, Mwenyezi Mungu akuongoze." Ukacheka. "Kiswahili yenu ya Tanga ni ya kitabu!" Tangu siku hiyo saa ya chai tulikaa pamoja kwenye benchi la uani, magwinya mawili, yale maandazi ya huku, na chai ya chupa, wewe unaniambia habari za ziwa lenu, mimi nakuambia habari za nyumbani, na watoto wanapita wakitusalimia kwa Kizulu.

Ni pale kwenye benchi uliponiuliza mara ya kwanza. Nilikuwa nimerudi kutoka kwenye mafunzo ya usalama Marshalltown, kwenye ofisi za idara ya elimu. Mkuu wa shule alinituma mimi kwa sababu sheria inataka kila shule iwe na mtu wa kusimamia usalama, na karani ndiye hana darasa la kuacha. Siku nzima tulifundishwa na mama mmoja mtu mzima aliyewahi kuwa askari wa zimamoto. Alituambia kila muhula shule ifanye zoezi la kutoka, watoto wote, walimu wote, na muda uandikwe kwenye daftari. Alitufanya tutambae sakafuni chini ya meza, na nguo zetu nzuri, ili tujue moshi unakaa wapi na hewa inakaa wapi. Alisema mlango wa dharura ukifungwa kwa ufunguo si mlango tena, ni ukuta. Niliandika kila neno. Nilirudi na faili nene na cheti, cheti nikakitundika, faili nikalitia kabatini.

Ukaniuliza, "Dada, hii mulango ya nyuma, batoto banaijua?"

Nikasema tutafanya zoezi muhula ujao.

Muhula uliofuata ukauliza tena. Nikasema kuna mitihani. Ukauliza mara ya tatu, ukasema basi nikupe ufunguo uwapitishe watoto wako peke yako, hata mara moja, washike reli, wazoee ile ngazi ya chuma inavyotikisika. Nikakuambia ufunguo hautoki kwangu, kwa sababu wezi walishaingia mara mbili kwa ngazi ile, na mkuu hataki. Hilo la mkuu lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilipenda kuwa mtu mwenye funguo. Nilizivaa shingoni kwa utepe kama mtu aliyepewa cheo. Naona aibu kuandika hivi, ila ndivyo nilivyokuwa.

Halafu likaja daftari. Mkuu aliniambia wakaguzi wanakuja Jumatano na kurasa za mazoezi ziko tupu. Hakunishika mkono kuniandikisha uongo. Aliniambia tu, "Zuhura, panga hilo," akaenda zake. Nikakaa nikaandika mazoezi manne ambayo hayakufanyika. Nikabuni hata muda. Zoezi moja nililipa dakika tatu, jingine dakika nne na nusu, nikaona nusu ile italifanya lifanane na kweli. Chini ya kila moja nikaandika kwamba walimu wote wamefundishwa njia zote mbili za kutokea, nikatia saini. Mchana tukanywa chai mimi na wewe. Sikukuambia.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa baridi ile ya Julai inayopasua midomo. Hita ya chumba cha walimu iliachwa inawaka karibu na stoo chini ya ngazi ya mbele, na stoo ilijaa madaftari ya zamani. Nilipouona moshi nilipiga kengele. Lakini kengele yetu ilikuwa moja, ile ile ya mapumziko, na watoto wakashangilia wakidhani ni saa ya kucheza. Nikapiga kelele "Moto! Tokeni!" nikakimbia nje na wale wa chini. Nilikimbia, Mama Furaha. Nilifika barabarani upande wa pili na funguo zinanipiga kifuani, na sikuzikumbuka.

Wewe kule juu ulibaki peke yako na darasa lako, wale wa madarasa mengine ya juu walikuwa uwanjani. Watoto wako wamenisimulia baadaye, kila mmoja kipande chake. Uliwapeleka kwanza kwenye ngazi ya nyuma, kama mtu mwenye akili yoyote angefanya. Ukalikuta lile geti la vyuma la juu ya ngazi limefungwa. Ukalitikisa, ukaniita jina. Kisha ukawageuza. Ukamwagia skafu yako maji ya kunywa, ukaichana vipande, ukawaambia washikane mashati kama treni, ukawashusha ngazi ya mbele katikati ya moshi. Niliwaona wakitoka, weusi wa masizi, wameshikana, hakuna aliyeachia. Ukawahesabu pale pale mlangoni. Mmoja hakuwepo. Lerato, yule mdogo wa mwisho, alikuwa chooni kule juu kengele ilipolia.

Ukarudi. Watu walikuita, ukarudi.

Moto ukashika ngazi ya mbele baada yako. Ndipo mtu mmoja, sijui nani, akapiga kelele, "Na nyuma je?" Nikaweka mkono kifuani nikazigusa funguo. Nilizunguka nyumba, nikapanda kile chuma, nikajaribu ufunguo, haukuingia, haukuingia tena. Wewe ulikuwa umekaa chini nyuma ya geti. Ulikuwa umemweka Lerato mapajani na uso wake umeubana kwenye uwazi wa vyuma ili avute hewa ya nje. Wako uliuacha nyuma. Ulikuwa umekuja kuningoja. Ulijua nani ana ufunguo, ukaamini atakuja.

Geti lilipofunguka hatimaye, ulisema, "Chukua mutoto."

Hukusema kingine. Wala hukuniangalia kwa ubaya, na hilo ndilo ninaloshindwa kulibeba. Kesho yake mchana, hospitalini, tukaambiwa umeondoka.

Nilikaa matanga kwako siku zote. Niliosha vyombo, nilipokea wageni, kanisa lenu zima likanijua. Wakasema Mungu amewapa dada kutoka Tanzania. Wiki iliyofuata watu wa idara ya elimu wakaja shuleni na mtaalamu wa moto, wakalifungua daftari langu. Wakaniuliza kama mazoezi haya yalifanyika. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza kama walimu waliijua njia ya nyuma. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza kama geti lilikuwa wazi. Wote walikuwa mbele barabarani, Mama Furaha. Aliyeliona limefungwa ni wewe, ni mimi, na ni watoto wa miaka mitano ambao hakuna aliyewauliza. Nikasema lilikuwa wazi. Nikaongeza, bila kuulizwa, "Labda alichanganyikiwa."

Neno hilo ni langu. Nimelitoa kinywani mwangu mwenyewe.

Wao wakaandika walichoambiwa. Barua ikaja kwa mumeo, kwamba mwalimu alikuwa amefundishwa ipasavyo, kwamba hakufuata njia iliyokuwa karibu, kwamba inaelekea alishikwa na hofu. Ilikuwa kwa Kiingereza kizito, kwa hiyo Furaha ndiye aliyemsomea baba yake. Mtoto wa miaka kumi na tatu. Alisoma, kisha akaanza kumtafsiria kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata, akakwama kwenye neno la hofu, akasema, "Papa, wanasema mama alikosea." Mumeo aliacha kukaa viti vya mbele kanisani. Nilisikia watu wakisema, maskini, alikuwa na moyo mzuri lakini alipaniki. Nikanyamaza. Ningependa kukuambia kwamba dhamiri ilinisumbua nikasimama. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimeanza kuzoea.

Aliyenitoa ni mama yake Lerato. Alikuja ofisini, kwenye lile banda la mabati walilotupa kwa muda, akakaa. Akasema, "Sis Zuhura, nisaidie. Mtoto wangu hawezi kupita geti lililofungwa. La kanisa, la duka la spaza, lolote. Analishika, analitikisa, analia, anasema fungueni, mwalimu amechoka. Nimesoma ile barua. Inasema geti lilikuwa wazi. Sasa mtoto wangu anaongelea geti gani?"

Hakuwa akinishuku. Aliuliza kwa sababu hakujua, akanitazama kama mtu anayeuliza njia.

Eish, Mama Furaha. Nilitaka kusema watoto huota. Nilikwishafungua mdomo. Badala yake nikamwambia, "Hilo hilo. Lilikuwa limefungwa. Mimi ndiye nililifunga." Akainuka akaniacha hapo, na sikumlaumu.

Jumapili hiyo, baada ya ibada yenu, nilikwenda kwa mumeo. Alikuwa hajavua nguo za kanisani. Furaha alikuwepo, nikaomba abaki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeisoma barua. Nikawaambia yote: daftari, saini, ufunguo ulioniomba nikakunyima, na ulivyokaa nyuma ya geti. Nilipomaliza mumeo alisema polepole, "Ulikaa kwa matanga yangu. Ulilia na siye. Na ufunguo ilikuwa ku shingo yako?"

Nikasema ndiyo.

"Furaha yangu amelala wiki hizi zote akijua mama yake alikosea."

Niliomba msamaha, na neno lenyewe likasikika dogo, kama mtu aliyemwaga chai. Akaenda akafungua mlango. "Enda useme kule kwenye ulisema uongo. Kwangu umeshasema." Furaha hakunitazama kabisa.

Kesho yake nikapanda teksi mpaka Marshalltown nikaandika maelezo mapya kwa mkono wangu. Yule ofisa alinisomea kila ukurasa wa daftari, na kwa kila ukurasa nikasema, "Hili halikufanyika." Mara nne. Mkuu alisimamishwa pamoja nami, naye hasemi nami tena. Kesi bado, wakili anasema itachukua muda. Kwa sasa nashona mapazia dukani kwa mtu, na funguo za duka nimemwomba asinipe.

Lakini barua ya pili ilitoka. Inasema mwalimu aliwatoa watoto wote wa darasa lake, kwamba njia aliyoichagua kwanza ndiyo iliyokuwa sahihi, na kwamba ilifungwa na wengine. Naambiwa Furaha aliisoma mbele ya kanisa zima, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili, na safari hii hakukwama. Sikuwepo. Sikustahili kuwepo.

Shule imehamia nyumba nyingine. Mlango wa dharura wa sasa unasukumwa kwa mkono kutoka ndani, mtoto yeyote anauweza. Wanafanya zoezi kila muhula, na darasa la wadogo bado hushikana mashati kama ulivyowafundisha. Yule mama aliyewahi kuwa askari wa zimamoto alisoma maelezo yangu kule Marshalltown, akaniita kwenye mafunzo yake nisimame mbele ya makarani wa shule nyingine. Nilidhani ataniacha niseme kwa juu juu. Akaniambia, "Waambie ile nusu dakika." Nikawaambia. Mmoja wao, mwanamke wa umri wangu, alifunga faili lake akaanza kulia. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua.

Sikuandikii ili unisamehe. Hata nikitaka, huwezi tena kunijibu, na mumeo na Furaha hawana deni la kunifanyia hivyo kwa niaba yako. Siku mbili zilizopita nilikutana na Furaha karibu na robot, taa za kuongozea magari, za barabara kubwa. Nikasimama. Akasema, "Shikamoo, Aunty," kwa sababu ulimlea vizuri, akapita. Nimekuletea hiyo tu, kwamba mwanao ana adabu hata kwa mtu kama mimi.

Lala salama, dada yangu. Wewe kwa dini yako na mimi kwa yangu, nakuombea kila swala.

Na nakuahidi hivi. Lerato atakua, na siku moja atauliza. Mama yake amekubali kwamba akiuliza ataniita. Akitaka kujua nani alimshika mapajani akampa hewa, nitataja jina lako lote, vizuri, mpaka alijue. Na akiuliza kwa nini mwalimu wake hakutoka, sitamwambia habari za moto. Nitamwambia habari zangu.

Zuhura